Uzi Mwekundu Kwenye Sikio la Gunia

Kiwanjani,
Isiolo.
16 Februari, 1985.

Kwa kaka yangu mpendwa Dida,

Assalam aleikum. Naomba barua hii ikukute ukiwa mzima, umeshiba, na umekaa mahali penye kivuli, maana ni ndefu na sitaki uisome ukiwa umesimama. Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi. Mama anakusalimu, mgongo wake umepungua kuuma. Abba yuko Leparua na mbuzi kumi na mmoja waliobaki, anasema huko bado kuna majani ya miti. Bibi yetu Akko anakusalimu mara tatu na ameniagiza kila salamu niiandike peke yake, nisije nikazifunga pamoja kama kuni. Kwa hiyo: salamu. Salamu. Salamu.

Na wewe je? Kifua chako? Joto la Mombasa umelizoea? Tangu barua yako ya wakati wa Idi hatujapata nyingine. Nilikuandikia Septemba, nikaandika tena Desemba shule zilipofungwa. Labda zilipotea njiani. Hii nitaisajili posta, ili mtu atie sahihi kwamba ameipokea.

Mimi sasa niko Form Two. Bado naogopa kusimama darasani kujibu swali. Mwalimu wa Kiswahili alisema insha zangu ni ndefu na sauti yangu ni fupi, darasa zima likacheka, hata mimi nikacheka kidogo.

Ukame uliouacha ulikuwa mtoto, sasa ni mtu mzima. Ng'ombe mzima wa hapa sokoni anabadilishwa kwa gunia moja la mahindi, na mwenye gunia ndiye anayeringa. Sukari inakuja wiki moja, inapotea wiki mbili. Serikali inatugawia mahindi ya manjano yaliyotoka Amerika, pale kwa chifu, gunia moja kwa nyumba tano. Nyumba yetu iko pamoja na Nakiru mama Ewoi, yule Mturkana anayefua nguo hospitalini, na wengine watatu unaowajua.

Sasa nianze jambo lenyewe, nalo linaanza na sukari.

Mzee Robow, mwenye duka karibu na msikiti, alinunua masanduku mawili ya magazeti kutoka kwa mzungu mmoja wa kuchimba visima aliyekuwa anahama kurudi kwao. Alikuwa akiyachana kufungia watu sukari na majani ya chai. Siku moja nilifungua sukari yetu nikakuta mwanamke wa kizungu ananichekea, amefunga kitambaa kichwani kama Mama, ameshika nyundo. Chini yake pameandikwa Mei 1943. Nilirudi dukani nikasimama mbele ya Mzee Robow bila kusema neno, mpaka akaniuliza kama nimegeuka nguzo ya duka lake. Nilipoweza kuomba, alisema karatasi ni karatasi, nimletee yangu yenye uzito uleule. Nikampelekea daftari zangu zote za Form One. Kwa hiyo siku hizi sukari ya Isiolo inafungwa kwa jiografia yangu, na mimi nina magazeti thelathini na manne ya Amerika ya wakati wa vita.

Akko alisikia nikiyafungua. Macho yake sasa yamekuwa meupe yote mawili, lakini masikio yake yanasikia hata mchwa. Akauliza ni karatasi gani hizo zenye harufu ya sanduku. Nikamwambia ni habari za ng'ambo. Akauliza za lini. Nikasema za mwaka mmoja baada ya baba mkubwa Yattani kuondoka. Akaketi wima, Dida, kama mtu aliyeitwa jina lake.

Habari ya Yattani unaijua kuliko mimi, lakini niiandike jinsi alivyonisimulia safari hii. Alipanda lori la jeshi hapahapa Isiolo mwaka 1942, akiwa na miaka kumi na minane. Walimwambia wanampeleka ng'ambo. Haikuja barua yake wala karatasi ya serikali. Gorfa yake, chombo cha maziwa ambacho Akko alikifuma mwenyewe, imetundikwa ukutani tangu siku ile, na kila Alhamisi anaifukiza moshi isije ikaoza, ili mwenyewe akirudi anywe siku hiyohiyo. Abba amemwomba miaka mingi akubali kaka yake asomewe hitima. Akko hujibu kwamba mtu aliyechelewa hasomewi hitima.

Kwake yeye, ng'ambo ni mahali pamoja tu, kama kijiji cha Kinna, ambapo wote walioko wanafahamiana. Nilijaribu kumweleza kwamba askari wetu hawakupelekwa Amerika. Nikachora dunia mchangani nikaushika mkono wake nikaupitisha juu. Aliipapasa dunia yote, akasema ni ndogo, watu wake lazima wakutane. Nilipomwambia habari zenyewe zina miaka arobaini na zaidi, alisema basi zimetembea polepole, na kinachotembea polepole ndicho kinachofika.

Kwa hiyo kila siku baada ya sala ya alasiri nikawa namsomea kando ya ukuta, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiborana, na Nakiru alipokuwepo nikigeuza tena kuwa Kiswahili. Nilisoma kwamba Amerika nao walikuwa na kadi za sukari. Nyama ilitaka pesa na vipande vyekundu vya kadibodi, na bila vipande hivyo mwenye bucha alikurudisha hata ukiwa tajiri. Viatu ilikuwa jozi tatu tu kwa mwaka. Kikombe cha kahawa senti tano, lakini kahawa yenyewe ilihesabiwa. Mafuta yaliyobaki kwenye kikaango yalikusanywa kwenye mkebe yakarudishwa kwa mwenye bucha, yakatengenezwe baruti. Akko aliuliza kama ni kweli vita vinakaangwa. Nikasema ndivyo ilivyoandikwa.

Siku niliyosoma kwamba soksi ndefu za hariri zilikwisha, wanawake wakapaka miguu rangi ya soksi na kuchora mstari wa mshono nyuma kwa kalamu, Nakiru alicheka mpaka akaweka beseni chini. Alisema sisi vumbi la Isiolo linatupaka soksi bure mpaka magotini, na hakuna anayetuandika gazetini. Akko naye akamwambia zake mama Ewoi zimetoboka, ndiyo sababu anaonekana Mturkana. Walitaniana hivyo mpaka magharibi. Nilisoma pia juu ya sinema. Watu walipanga foleni Jumamosi, na kabla ya mchezo wakaonyeshwa vita vyenyewe, ili mama amwone mwanawe akitembea ukutani. Hapo Akko hakucheka. Alitaka nirudie, akaniuliza kama wale wanaoonyeshwa huwa wanageuka kutazama.

Kisha likaja gazeti la nyota. Huko, nyumba iliyotoa kijana kwenda vitani ilitundika kitambaa dirishani, kina nyota ya buluu. Kijana akifa, mama aliishonea nyota ya dhahabu juu ya ile ya buluu, na kila mpita njia akajua bila kuuliza. Akko akasema, kumbe nao wanafunga.

Ndipo aliponieleza jambo ambalo nadhani wewe unalijua. Ni desturi ya nyumba yetu tu, ilikuja na mama yake Akko, Waborana wengine nimewauliza hawaijui. Mwenye gorfa akifa, kifuniko kinafungwa kwa uzi mwekundu, mizunguko mitatu kwenda kulia, mmoja kurudi, na ncha inaingizwa ndani ya fundo isionekane. Akko alisema fundo lile halina mtu wa kulifungua isipokuwa mwenye chombo, naye hayupo. Mara ya mwisho alilifunga kwa gorfa ya Babu. Wewe ulikuwa na miaka saba. Mimi nilikuwa mgongoni kwa Mama.

Mahindi ya manjano yalipokuja, Akko alikataa kuyala. Alisema ni chakula cha kuku wa wazungu na yana harufu ya meli. Wiki ya kwanza tulidhani ni maringo. Wiki ya tatu nilimshika mkono nikaona pete inazunguka yenyewe kidoleni. Mama alipika uji, akapika ugali, akachanganya na maharagwe, Akko akageuza uso ukutani. Mama akatoka nje kulia, akasema jiko lina moshi.

Siku hiyo nilimsomea gazeti la Oktoba. Lina picha ya bandari, wanaume wanashona midomo ya magunia ya nafaka. Wa mwisho ni mtu mweusi, mrefu, ameipa kamera mgongo. Nilimsomea Akko kwamba mtu yule ametoka Afrika, anaitwa Yattani, na kwamba nafaka anayoishona itapelekwa kwa wenye njaa. Akko aliniuliza mara mbili kama nimesoma vizuri. Halafu akaomba uji. Alikunywa bakuli zima akalisafisha kwa kidole.

Baada ya hapo kila gazeti lilikuwa na habari ya Yattani. Alikuwa na chumba juu ya duka la dobi. Kadi yake ya viatu ilikwisha kabla ya mwaka, kwa sababu anatembea sana. Jumamosi alikwenda sinema na kukaa nyuma. Alikuwa akikohoa kidogo. Akko alikula kila siku, akarudi kuwatania watu, akamwambia Nakiru waziwazi kwamba mahindi haya yameshonwa na mwanawe. Nakiru alinitazama, nikatazama gazeti.

Sasa nitakuambia kitu nisichoweza kumwambia mtu mwingine. Picha ile ya bandari niliitazama mara nyingi. Mwanzoni yule mtu alikuwa mgongo mtupu na kofia. Mwezi wa Desemba niliona sikio lake. Nikajiambia sikuitazama vizuri. Mapema Januari niliona shavu, na pale shavu linapoishia, mstari mdogo ambao ni kama kope. Karatasi ni ileile. Niliweka alama ya penseli ukingoni, na alama ipo. Nilimwuliza Nakiru mtu yule anatazama wapi, naye akajibu haraka, huku akikunja nguo, kwamba anageuka, si unamwona.

Jumanne ya tarehe kumi na tano Januari tulikwenda kwa chifu kuchukua mahindi. Akko alitaka kuja, nikamwongoza kwa fimbo yake. Jua lilikuwa kali na foleni ndefu, akakalishwa juu ya gunia letu tungoje wale wengine. Mikono yake haikai bure, ilikuwa inalipapasa gunia kama anavyowapapasa wageni. Ikafika kwenye sikio la gunia, ile pembe ambapo mshono unafungwa, ikasimama. Magunia yote yalishonwa kwa uzi mweupe. Letu lilishonwa kwa mwekundu. Akko alinivuta kidole akakiweka pale. Mizunguko mitatu kwenda kulia. Mmoja kurudi. Ncha haikuonekana.

Hakulia. Aliniambia kwa sauti ya kawaida, kama anayeniagiza maji, kwamba nimemsomea kwa upole, na Mungu anilipe, lakini sasa mwenyewe amekuja kusema. Akakataa gunia lifunguliwe mdomoni. Wanawake walinung'unika, mmoja akauliza kama bibi kizee anataka kula gunia zima peke yake. Nakiru akatoa kisu chake akalipasua ubavuni, akawaambia mahindi hayana haja ya kupita mlangoni.

Jioni hiyo Akko alichomoa ule uzi wote kwa kucha, isipokuwa fundo, akafunga kwa huo gorfa ya Yattani. Ijumaa Abba alikuja kutoka Leparua, akachinja mbuzi mmoja kati ya wale kumi na wawili, maalim akaja na watu wa msikiti wakasoma hitima. Abba aliniambia amengoja siku ile tangu hajaota ndevu, na imefika sasa hajui aweke wapi mikono yake. Akko alikuwa mtulivu kuliko wote. Alhamisi ya wiki hiyo ilikuwa ya kwanza maishani mwangu bila harufu ya ule moshi.

Kaka, nimezunguka vya kutosha. Sasa nakiri.

Katika magazeti yale hakuna Yattani. Hakuna neno hata moja. Chini ya picha ya bandari wameandika hesabu ya tani za ngano, basi. Chumba juu ya dobi, viatu, sinema, kikohozi, vyote nilivitunga mimi, nikiwa nimekunja miguu kando ya ukuta, na kila siku nilikuwa nautazama ukurasa kana kwamba ninausoma. Nilitaka ale. Na nilipoona anakula nilipenda pia kusikilizwa, mimi ambaye darasani sina sauti. Hiyo sehemu ya pili ndiyo inayonitia aibu.

La pili ni zito zaidi. Jumanne iliyopita, tarehe kumi na mbili, mahindi yalikuja tena. Akko alikuwa na homa kidogo, nikaenda bila yeye. Gunia letu lilipotupwa chini nililiona kabla ya mtu yeyote. Uzi mwekundu. Nililipapasa fundo nikiwa nimefumba macho, kama yeye. Ni lilelile. Nikatoa wembe wa kuchongea penseli nikalikata, nikalitia mfukoni mwa sare, na Nakiru alipofika nikasema mdomo umekwisha kufunguka.

Nilipofika nyumbani Akko aliniuliza gunia limeshonwaje. Nikasema kwa mashine, Akko, uzi mweupe. Kisha akauliza, Dida ameandika? Nikasema bado. Akaniambia niishushe gorfa yako, ile ndogo ya utotoni, akaanza kuifukiza. Haifukizi Alhamisi peke yake. Anaifukiza kila siku, asubuhi na alasiri, nyumba yote inanuka moshi, na Mama hathubutu kumwuliza.

Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Najua mahindi haya yanashushwa hapo Mombasa, na uliandika wakati wa Idi kwamba ghalani kwenu magunia yaliyopasuka mnayashona upya kwa mkono. Na ulikuwa na miaka saba, ulimwona Akko akifunga ya Babu. Pengine mkono wako ulikumbuka bila wewe kujua, ukafunga hivyo mara mia, na mawili yakatufikia. Kama ni wewe, niambie. Nitakwenda kwa Akko na kwa Abba na kwa maalim niseme kosa ni langu, kwamba hitima ile ilisomwa kwa ajili ya uzi wa kazini kwako. Nitakuwa mwongo mbele ya Kiwanjani yote, na nitafurahi.

Lakini kama si wewe, basi nimehesabu. Akko yuko hapa, nasikia pumzi yake. Mama yuko jikoni. Abba alituma salamu jana kwa mkono wa mtu aliyemwona kwa macho. Aliye mbali katika nyumba hii ni mmoja tu.

Gazeti la bandari nimeliweka chini kabisa ya mengine thelathini na matatu, na juu yake nimeweka Atlasi. Sijalifungua tangu Jumanne. Naogopa kwamba amekwisha kugeuka, na naogopa uso nitakaoukuta.

Fundo lenyewe nimelitia ndani ya bahasha hii, limefungwa kwa karatasi ya daftari. Nimejaribu kulifungua kwa kucha, kwa pini, kwa meno, limekataa. Akko anasema ni mwenye chombo tu anayeweza. Kwa hiyo, kaka yangu, usiniandikie barua ndefu. Kama huna muda usiandike hata neno. Lifungue hilo fundo kwa mkono wako, unirudishie uzi ukiwa umenyooka.

Mama anakusalimu tena. Nakiru anakusalimu, anasema ukija umletee soksi za kweli. Mzee Robow anauliza kama mko wazima, nimemwambia tuko. Akko hajui kwamba ninaandika, lakini sasa hivi ameuliza kutoka ndani kama nimeziweka zile salamu zake tatu, mojamoja. Nimemwambia nimeziweka. Hilo angalau si uongo.

Wa salaam, mimi dada yako anayengoja posta,

Asli